Msumeno ulionoki mara mbili

Mara ya kwanza ulinoki katikati ya gogo. Mlio ulipanda ghafla, kama vile mnyororo umetoka kwenye mti na unazunguka hewani, kisha ukakatika. Nilipovuta kamba ya kuwashia ilikuja nzito, inakwama kwama. Nikaufungua, nikakuta pistoni imekwaruzwa, nikatafuta pistoni na ringi mpya, nikafunga, msumeno ukawaka. Nikaamini kazi imekwisha. Matangi 11 ya mafuta baadaye ukanoki tena, na mikwaruzo ilikuwa palepale: upande wa ekzosi.

Kisa hiki ni cha ufunguzi wa pili, ule nilioufanya kwa subira. Msumeno wenyewe ni wa mnyororo, injini ya mipigo miwili ya karibu cc 50, pistoni ya kipenyo cha milimita 44. Ninaueleza kirefu kwa sababu kosa nililofanya mara ya kwanza nimeliona kwa watu wengi wanaofungua injini nyumbani. Tunabadilisha kilichokufa bila kuuliza kimeuawa na nini.

Dalili zilikuwepo wiki kadhaa kabla, nami nilizipuuza. Nikiachia kitufe cha mafuta, mlio haukushuka mara moja. Ulibaki juu sekunde mbili tatu ndipo ukatulia. Nikiulaza msumeno ubavu, mlio wake wa kupumzika ulibadilika. Nilichofanya ni kuchukua bisibisi na kucheza na skrubu za kabureta mpaka ukasikika vizuri, yaani nilikuwa naongeza petroli kufidia hewa ambayo sikujua inaingilia wapi.

Kabla ya kufungua chochote safari hii nilipima mgandamizo, yaani nguvu ambayo pistoni inabana hewa ndani ya silinda. Hapa kuna jambo moja kuhusu vifaa. Geji niliyokuwa nayo mara ya kwanza ilikuwa ya magari, yenye mpira mrefu na vali yake iko juu karibu na saa yake yenye sindano. Kwenye silinda kubwa ya gari haina shida. Kwenye silinda ndogo kama hii, hewa inayojaza ule mpira ni sehemu kubwa ya hewa yote iliyobanwa, kwa hiyo sindano inasoma chini na unadanganyika. Geji ya injini ndogo ina vali yake kwenye ncha kabisa, pale inapofungwa kwenye tundu la plagi. Nilivuta kamba mara sita, kitufe cha mafuta kikiwa kimebanwa hadi mwisho, nikapata psi 85. Injini ya aina hii ikiwa nzima husoma karibu 150. Ikifika chini ya 110 huanza kuwa tabu kuwasha, hasa ikiwa ya moto.

Nikatoa ekzosi na kumulika tochi kwenye tundu lake. Huhitaji kutoa silinda ili uone pistoni; bolti mbili za ekzosi zinatosha. Mistari ya kijivu ilishuka kutoka kichwani hadi chini ya sketi ya pistoni, yaani ubavu wake wa chini, na ringi ilikuwa imezikwa ndani ya mfereji wake, imefunikwa na alumini iliyoyeyuka.

Pistoni iliyokufa inasomeka, na kuisoma ndiyo sehemu ya kazi hii ninayoipenda kuliko zote. Kama petroli iliwekwa bila oili, pistoni hukwaruzwa kuzunguka pande zote, na ndani ya kasha la krenki, yaani chumba cha chini chenye shafti inayozungushwa na pistoni, kunakuwa kukavu. Kama vumbi lilipita kwenye chujio la hewa, upande wa kabureta ndio huumia: unakuwa butu, wa kijivu, umesagika kama uliopigwa msasa laini. Kama injini ilichomeka kwa joto la jumla, labda mapezi ya silinda yalizibwa na unga wa mbao, alama huonekana sehemu kadhaa kwa pamoja. Mikwaruzo ya upande wa ekzosi peke yake, huku upande wa kabureta ukiwa safi, kwa kawaida maana yake ni kwamba injini ilikuwa inawaka kavu: hewa nyingi, petroli kidogo.

Yangu ilikuwa hiyo ya mwisho. Nilipochungulia chini nikaona kasha la krenki limelowa oili vizuri, kwa hiyo mchanganyiko haukuwa na kosa. Natumia mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, yaani 50 kwa 1. Lakini katika injini hizi oili husafiri ndani ya petroli. Petroli ikipungua kwenye silinda, oili nayo imepungua kwa kiasi kilekile, wakati ambapo moto ni mkali zaidi na mzunguko uko juu zaidi. Upande wa ekzosi ndio wenye joto kubwa. Pistoni inatanuka pale, nafasi ya sehemu chache za mia za milimita kati yake na silinda inaisha, na alumini inaanza kujipaka ukutani.

Kuwaka kavu kuna njia mbili: petroli haifiki, au hewa ya wizi, isiyopita kwenye kabureta, inaingia. Nilianza na petroli kwa sababu ni rahisi kukagua. Chujio la ndani ya tangi lilikuwa safi. Mpira wa petroli niliupinda kila sehemu nikitafuta ufa, hakuna. Tundu la kupumulia la tangi lilipitisha hewa. Nikafungua kabureta, nikakuta diaframu, ule utando mwembamba wa ndani, bado ni laini, haijakakamaa, na kichujio kidogo cha waya hakina uchafu. Upande wa petroli nikaufunga hapo.

Hewa ya wizi haionekani kwa macho, na mara ya kwanza hapa ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimemwaga maji ya sabuni kuzunguka mpira wa kabureta msumeno ukiwa unawaka, sikuona kitu, nikasema hakuna. Fundi mmoja mzee niliyemweleza baadaye aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ulipima presha, au ulipima na utupu?" Nikamjibu kweli, kwamba sikupima chochote.

Kifaa chenyewe ni pampu ya mkono yenye geji, inayoweza kusukuma hewa na kuvuta. Unaziba tundu la ekzosi kwa kipande cha mpira. Mimi nilikata tyubu ya baiskeli, nikairudisha ekzosi juu yake na kukaza. Upande wa kabureta unaziba vilevile, plagi inabaki mahali pake, na pampu inaunganishwa kwenye kijitundu cha mpigo, kile kinachopeleka mapigo ya kasha la krenki kwenye pampu ya petroli ya kabureta. Injini yote inakuwa chupa iliyofungwa.

Nikajaza presha ya nusu bari. Sindano ikasimama. Nusu dakika, bado imesimama. Nikapaka maji ya sabuni kwenye gasketi ya silinda, kwenye maungio ya kasha, kwenye sili za pande zote mbili, yaani mipira inayozuia hewa pale krenki inapotokea nje ya kasha, hakuna povu hata moja. Kama ningeishia hapo ningesema injini haina tundu, na pistoni ya tatu ingekufa pia.

Nikageuza pampu ivute. Utupu wa nusu bari. Ukiwa mzima, baada ya sekunde 20 hautakiwi kushuka chini ya 0.3. Wangu ulifika sifuri kabla sijahesabu hadi nane. Nikazungusha krenki polepole kwa mkono huku navuta tena, na kuna sehemu ya mzunguko sindano ilianguka haraka zaidi. Flaiwili, lile gurudumu la kwenye ncha ya krenki, nilikuwa nimeshaitoa, kwa hiyo sili ya upande huo ilikuwa wazi. Nikaweka tone la oili safi kwenye ukingo wa sili, pale inapogusa krenki. Lile tone lilikaa kidogo, likatetemeka, likachuruzika kuzunguka shafti, likanyonywa ndani lote. Nikaweka lingine. Likapotea vilevile.

Sababu ya presha kukaa na utupu kutoroka iko kwenye umbo la sili yenyewe. Mdomo wake umeelekea ndani ya kasha. Presha ikitoka ndani inaubana mdomo kwenye shafti, kwa hiyo hata sili iliyochoka hushika. Utupu unafanya kinyume, unaunyanyua mdomo. Injini ikizunguka mara 10,000 kwa dakika, kasha la krenki linavuta na kusukuma zaidi ya mara 160 kila sekunde, na kila inapovuta, sili ile ilikuwa inaachia hewa kidogo ambayo haikupita kwenye kabureta.

Ningeweza kung'oa sili na kuweka mpya, kazi ya dakika kumi. Lakini ile tofauti ya sindano wakati wa kuzungusha krenki ilinisumbua. Nikashika ncha ya krenki kwa vidole viwili nikaisukuma juu na chini. Ikacheza. Kidogo sana, lakini krenki isiyo na kasoro haichezi kabisa upande huo. Beringi ilikuwa imekufa, na sili yoyote mpya ingekuwa inakimbizana na shafti inayoruka. Basi kasha likabidi lifunguliwe nusu mbili.

Kutoa klachi na flaiwili kunahitaji krenki isimame. Kuna watu huingiza bisibisi kwenye tundu la plagi ili izuie pistoni. Hiyo hutoboa kichwa cha pistoni au kuchuna silinda. Kamba laini ya nailoni inatosha. Ila usiiingize kabla pistoni haijapanda ikaziba tundu la ekzosi, vinginevyo kamba itajipenyeza kwenye tundu na kukatwa. Klachi ya misumeno mingi inafunguka kwa kuzungusha kulia, kinyume cha nati za kawaida, na mara nyingi kuna mshale umechorwa. Nati ya flaiwili kwa kawaida inafunguka kushoto. Flaiwili yenyewe niliitoa kwa pula, kifaa cha kuivuta. Ukiichokonoa kwa bisibisi, mapezi yake ya kupoza huvunjika, na ikikosa hata pezi moja inakuwa haina mizani.

Kasha lilipoachana nikaosha beringi ya upande wa flaiwili kwenye kikombe cha petroli safi na kuacha petroli itulie. Chini ya kikombe kukawa na chembe zinazong'aa, ndogo kama unga. Alumini. Ilikuwa ni pistoni ya kwanza. Mara ile nilibadilisha sehemu ya juu tu, nikafuta nilichokiona kwa kitambaa, na mabaki yakabaki chini yakisaga beringi kwa matangi 11. Sili yenyewe ilikuwa imekakamaa kama plastiki, kwa hiyo naamini ndiyo iliyoua pistoni ya kwanza, na pistoni ya kwanza ikaua beringi, na beringi ikaifungua sili zaidi. Iliniuma kuona hivyo, kwa sababu kuosha kasha kungenichukua nusu saa.

Konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, nayo niliikagua kabla ya kuamua kuendelea. Kuyumba kwake ubavuni ni kwa kawaida. Kucheza juu na chini hakuruhusiwi, na kama ingecheza ningeacha, maana krenki za misumeno hii zimebanwa kwa mashine na hazirekebishwi nyumbani. Haikucheza.

Silinda niliiogopa bila sababu. Ilionekana imeharibika kabisa, ina mistari minene upande wa ekzosi. Lakini ukuta wa silinda hizi umepakwa utando mgumu, na wa hii ulikuwa wa nikeli wenye chembe za silikoni kabaidi, mgumu kuliko pistoni mara nyingi. Mara nyingi kilichoonekana kama mkwaruzo ni alumini ya pistoni iliyoganda juu ya utando. Ipitishie ukucha: ukipanda juu ya kitu, hiyo ni alumini iliyojipaka, ukizama, utando umeondoka na silinda hiyo haifai.

Ukucha wangu ulipanda. Dawa yake ni asidi haidrokloriki, na hapa naomba usome polepole. Nje ya nyumba, glavu, miwani, mbali na vifaa vyako vya chuma kwa sababu mvuke wake unaleta kutu usiku mmoja. Unachovya kijiti chenye pamba na kugusa mistari ya alumini tu, si silinda nzima, wala si kingo za matundu ambako alumini ya silinda yenyewe iko wazi. Asidi inachemka povu la kijivu. Unafuta, unagusa tena. Povu likikoma, alumini imeisha. Likiendelea bila kukoma mahali pamoja, asidi imefika chini ya utando, nawa silinda upesi na uiweke kando. Kama silinda ni ya kromu, usijaribu kabisa, asidi hii inakula kromu. Povu langu lilikoma baada ya miguso mitano. Nikaosha kwa sabuni na maji mengi, nikakausha, nikapitisha msasa laini kwa mkono, mistari ikipishana kwa mshazari. Chini yake utando ulikuwa mzima.

Beringi mpya zilikuwa za kawaida kabisa, namba 6202 za C3, yaani zenye nafasi kubwa kidogo ndani kwa ajili ya joto. Hazipigwi nyundo. Krenki ililala kwenye friza usiku mzima, na nusu za kasha, zikiwa zimeoshwa na kukauka kabisa zisibaki na hata harufu ya petroli, niliziweka kwenye oveni nyuzi 130. Beringi ikadondoka mahali pake kwa uzito wake, na krenki ikaingia kwa msukumo wa kidole. Una sekunde chache tu kabla joto halijasawazika, kwa hiyo panga kila kitu mezani kwanza. Kasha lilipopoa krenki ilizunguka kwa uzito kidogo. Nikaigonga kwa nyundo ya plastiki kila ncha, mara moja kila upande, ikalegea.

Sili mpya: funga mkanda mwembamba wa plastiki juu ya nyuzi za shafti na mfereji wa ufunguo, paka oili, kisha ndipo uisukume sili. Mdomo wa mpira ukipita juu ya ukingo mkali hukatika, na utakuwa umerudi ulikotoka.

Ringi niliiingiza peke yake ndani ya silinda kwanza, nikaisukuma kwa sketi ya pistoni ili ikae sawa, nikapima pengo la ncha zake kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia: milimita 0.25. Ni salama. Pistoni ina mshale, nao unaelekea ekzosi. Klipu za pini inayoshika pistoni kwenye konrodi ni mpya, za zamani hazirudiwi, na mdomo wa klipu unaelekea juu au chini, si pembeni. Ziba tundu la kasha kwa kitambaa safi kabla hujagusa klipu, kwa sababu inaruka, na ikiangukia ndani unaanza upya. Kwenye mfereji wa ringi kuna kipini kidogo. Ncha mbili za ringi lazima zikikumbatie. Nilibana ringi kwa vidole huku silinda ikishuka polepole. Ikigoma, usilazimishe. Yangu iligoma mara mbili, na mara zote mbili ringi ilikuwa imetoka kwenye kipini.

Nilipima pia nafasi iliyobaki kati ya kichwa cha pistoni na silinda, kwa kuingiza waya wa lehemu kwenye tundu la plagi na kuzungusha krenki mara moja. Waya ulibanwa hadi milimita 0.8. Chini ya 0.5 ningeongeza gasketi.

Kabla sijarudisha kabureta na flaiwili, nikaunganisha pampu tena. Presha ya nusu bari, dakika nzima, haikusogea. Utupu wa nusu bari, nikazungusha krenki mizunguko mitatu. Sindano ilibaki palepale. Nilikaa kuiangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mengine yalienda haraka. Pengo la koili ya kuwashia na sumaku ya flaiwili milimita 0.3, pengo la plagi 0.5, bolti za silinda kwa msalaba na kidogo kidogo. Skrubu za kabureta nilizifungua mzunguko mmoja kila moja, kisha nikafungua zaidi kidogo ile ya mzunguko wa juu ili matangi ya kwanza yawake na petroli nyingi. Mlio wake hapo ni wa kigugumizi ukiuachia juu bila mzigo, na unanyooka mnyororo unapoingia kwenye mti. Ndivyo unavyotakiwa. Nilifunga takometa, kipimo cha mizunguko ya injini, na sikuruhusu upite kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, kwa sababu sikio linapenda mlio mkali, na mlio mkali ndio uleule unaokausha injini.

Uliwaka kwa mvuto wa nne. Nikauacha upate joto, nikauzima ukapoa kabisa, nikarudia mara tatu kabla ya kuukatia kitu. Nilipoachia mafuta mlio ulishuka papo hapo. Nikaulaza ubavu wa kulia, wa kushoto, haukubadilika.

Mgandamizo siku ya kwanza ulikuwa psi 145, na baada ya matangi matano 155. Kwenye tangi la 12, moja zaidi ya yale yaliyoua pistoni ya pili, nilifungua tena bolti mbili za ekzosi na kumulika tochi. Mistari ile myembamba ya mashine ambayo pistoni hutoka nayo kiwandani bado ilikuwa inaonekana, kutoka juu hadi chini.